Maoni yangu kuhusu *106# baada ya mama mdogo kuibiwa pochi sokoni Darajani, Unguja

Assalaam alaykum jamaa zangu. Leo nataka kuitolea maoni huduma ambayo haina duka wala bango, ni namba tu unabonyeza hata kwenye kitochi, *106#, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nitazungumzia na namba 100 ya huduma kwa wateja na kaunta ya kurudisha laini, maana ukishaibiwa pochi hivi vitu vinakwenda pamoja, huwezi kukipima kimoja ukaviacha vyengine. Nasema mapema kabisa, *106# ni nzuri na watu hawaitumii, wanaisikia redioni, wanaitikia kichwa, basi, na mimi linaniuma kwa sababu nimeona kwa macho yangu ilichokitoa.

Kwanza tufahamiane kwa nini naiita huduma ya kulinda jina lako kwenye madeni. Zamani mtu akiibiwa pochi analilia noti zilizomo na usumbufu wa kitambulisho, imekwisha hiyo. Sasa hivi laini ndio benki yetu, uwe na M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa, yote moja, na ndani ya laini hiyohiyo mna na mkopo. Chukua Songesha ya M-Pesa, unapungukiwa wakati unalipa wanakujazia, halafu pesa yoyote ikiingia baadae inakatwa papo hapo kulipia deni. Ni msaada mkubwa kwa mwenye laini yake. Lakini mwizi akiwa na laini yako na akaijua namba ya siri hachukui ulichonacho tu, anakopa na ambacho huna, na deni linakaa kwa jina lako wewe uliyelala nyumbani.

Mama mdogo ameolewa Jambiani, analima mwani na wenzake. Alikuja mjini kumi la mwisho la Ramadhani kuwanunulia watoto nguo za sikukuu na Darajani mnaijua ilivyo siku hizo, bega kwa bega kuanzia baada ya alasiri. Mkoba ulichanwa ubavuni kwa wembe, akaja kushtuka anataka kulipa magauni mawili ya watoto mkono unatokea upande wa pili. Simu hakuna, pochi hakuna, na ndani ya pochi kitambulisho cha taifa cha NIDA, cha Mzanzibari mkaazi na kadi ya benki.

Hapa pana jambo nataka watu walisome mara mbili. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa nambie wangapi humu majumbani mwetu namba yao ya siri ni mwaka wa kuzaliwa? Mama mdogo ndio hivyo, na si yeye peke yake, mabibi zetu na mama zetu wengi waliwekewa namba hiyo na vijana wa kwenye miamvuli, wale wanaosajili laini mitaani, ili wasisahau. Kwa hivyo mtu akikamata simu na kitambulisho kwa pamoja kashika kufuli na ufunguo. Akaunti ikimkatalia anasoma kitambulisho, anajaribu mwaka, kafungua. Tukitoka hapa kila mmoja akambadilishie mama yake namba ya siri, na isiwe mwaka wa mtoto pia.

Tulipiga 100 kwa simu yangu kwa vile mimi na yeye mtandao mmoja. Namba 100 inafanya kazi mitandao yote ya simu hapa kwetu na haikati pesa, hilo zuri. Kusubiri tulisubiri, muziki umepiga mpaka umerejea mwanzo, mama mdogo kajiinamia kwenye baraza ya duka la watu anasema "mwanangu bado hawajapokea?" Dada aliyepokea lakini alikuwa mtu, sauti ya upole, hakutukimbiza. Akauliza jina kamili, namba ya kitambulisho, salio lilikuwa kiasi gani kwa kukisia, na namba anazozipiga mara kwa mara. Hapo kwenye kitambulisho ndipo watu wengi wanapokwama kwa sababu kitambulisho chenyewe ndio kimeibiwa! Sisi tulipona kwa kuwa picha yake ilikuwemo kwenye simu ya mumewe, walipigia wakati wa kufungua akaunti ya kikundi. Kama hamna picha za vitambulisho vya wazee wenu mahala salama nje ya simu zao pigeni leo.

Laini ikafungwa pale pale. Kadi ya benki nayo ikafungwa kwa simu, hiyo ilikwenda haraka sina la kuongeza.

Lakini mwizi alishatutangulia. Laini iliporudi salio lilikuwa limetolewa lote na juu yake deni, kakopa mpaka mwisho wa kiwango chake. Na kwenye deni ndipo nina malalamiko, na mtandao wenyewe siutaji. Jibu la kwanza kaunta lilikuwa "namba ya siri iliingizwa sahihi, kwa hiyo muamala ni halali". Yaani mwizi akipatia namba ya siri basi kawa yeye ndio mama mdogo? Nikamwambia kijana kwa heshima, sisi hatubishani kama namba iliingizwa, tunabishana nani kaingiza, na tuna ripoti ya polisi. Aliposikia ripoti akaanza kuandika.

Kwa hiyo ripoti ya polisi ya upotevu ichukueni siku ileile, na angalieni saa inayoandikwa. Meseji za miamala zinaandika 16:40, afande anaandika saa tisa na nusu kama tunavyosema sisi, mtu wa ofisini anasoma haraka anaona 9:30 anakuambia "mbona hapa mmeibiwa asubuhi?" Tulilazimika kurudi kituoni kuongezewa neno alasiri. Saa ndio ushahidi wako wote, maana unachotaka kuonesha ni kwamba muamala umefanyika baada ya simu kutoka mkononi mwako. Andika na saa uliyopiga 100, na uombe namba ya malalamiko, usiondoke bila namba ya malalamiko hata wakikwambia tutakupigia. Deni mpaka naandika hapa halijafutwa ila wamelisimamisha, pesa aliyotumiwa na mwanawe imeingia nzima haikukatwa, kwetu hiyo ni nafuu kubwa.

Sasa kaunta ya kurudisha laini. Hii ndio ilinifumbua macho. Kurudisha laini lazima kidole, usajili wote wa laini siku hizi ni kwa alama za vidole. Na mama mdogo vidole vyake vimeliwa, wakulima wa mwani wanajua nnachosema, miaka na miaka ya kufunga mwani kwenye kamba, maji ya chumvi, kamba inasugua ncha za vidole mpaka zinakuwa laini. Kaweka dole gumba, kifaa kimekataa. Kafuta kioo kwa kitambaa, kimekataa. Kijana akamwambia "mama nawa mikono kwa sabuni ukauke vizuri", akanawa, bado. Kapakwa mafuta kidogo, bado. Mwisho kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikakubali, na watu nyuma kwenye foleni wakashukuru kwa sauti. Yule kijana wa kaunta nampa haki yake, hakumnyanyapaa, alikuwa anamshika mkono taratibu anamuelekeza pembe ya kuweka kidole, shikamoo yake ya kweli. Ofisi moja tumekutana na neno baya la mkopo na mtu mwema wa vidole.

Ndipo tulipobonyeza *106#.

Inavyofanya kazi ni rahisi, unapiga, inakuletea menyu kwa Kiswahili, utaona sehemu ya kuhakiki laini unayoitumia imesajiliwa kwa jina gani, na sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo. Menyu zinatofautiana kidogo mtandao na mtandao lakini huwezi kupotea. Wengine wanaichanganya na *#06# ambayo ni ya kuangalia IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ile ni ya simu hii ni ya laini, zote mbili mnazihitaji, IMEI iandikeni pahala kabla hamjaibiwa kwa sababu polisi wataiuliza.

Kwenye mtandao wake wa kila siku ilikuja namba yake moja, sawa. Nikamwambia mama mdogo tujaribu na mitandao mengine, akasema mengine mimi sina. Kwenye mtandao wa pili, kwa laini ya mwanawe tukaweka namba ya kitambulisho cha mama, ikaja namba asiyoijua. Laini hai, jina lake, kitambulisho chake, hajawahi kuishika.

Mara ya kwanza wote tukadhani ni yule mwizi. Si yeye. Mwizi ana kitambulisho lakini hana kidole, na bila kidole laini haisajiliki. Laini ile ilitoka kwake mwenyewe mama mdogo, kwa kidole chake mwenyewe, siku aliyosajili laini kwa kijana wa mtaani. Mnakumbuka ile pirika ya usajili wa vidole, ulianza Mei 2019, mwisho ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020, na tokea hapo vijana wanazunguka mpaka vijijini na vifaa vyao. Mtu anakwambia "mama rejea tena kidole, mtandao haujashika", unarejea. "Tena kidogo", unarejea. Mtu mwengine angejiuliza mbona nashikishwa mara tatu, lakini mtu ambaye vidole vyake kila siku vinakataa, kwake yeye kurejea ni kawaida yake! Hapo ndipo wanapowaweza mama zetu wa mwani, na wavuvi na mafundi wa saruji vivyo hivyo. Kidole cha kwanza kinasajili laini yako, cha pili kinasajili laini itakayouzwa kwa mtu asiyetaka kujulikana, halafu siku hiyo namba ikitapeli watu au ikikopa, polisi wanakuja na jina lako.

Hili liliniumiza kuliko pesa iliyoibiwa, wallahi. Na bila ya *106# tusingelijua mpaka kiama.

Kwa hivyo sifa zake ndio hizo, inafanya kazi bila intaneti, bila simu janja, kwa Kiswahili chetu, jibu unalipata palepale. Upungufu wake pia niuseme kwa sababu nataka iwe bora. Cha kwanza inakuonesha za mtandao ule tu uliopigia, kwa hiyo lazima uazime laini za Yas, ambayo sisi bado tunaiita Zantel, na Vodacom, Airtel, Halotel na TTCL, uzunguke moja moja. Mtu akiibiwa hana moyo huo, ingekuwa ukipiga mara moja zinakuja zote ingesaidia mno. Cha pili, inaonesha lakini haifungi. Ukiona namba si yako lazima uende duka la mtandao husika mwenyewe na kitambulisho na kidole uikatae, na mama mdogo kitambulisho kaibiwa, na kidole ndio hicho. Ilibidi kwanza twende kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani kwetu, kupata barua, ndio tuanze safari ya vitambulisho vipya, ndio laini ile ifungwe. Kipindi chote hicho laini ya watu inatembea kwa jina lake. Cha tatu menyu inakatika haraka, mzee anaetafuta tarakimu 20 kwenye karatasi hawahi, muandikieni kwa herufi kubwa au muingizieni.

Kuna waliouliza ndani ya familia kwani deni dogo la simu lina shida gani, si ulilipe yaishe. Shida ipo. Benki Kuu ilitoa leseni kwa kampuni za kuweka taarifa za wakopaji, Creditinfo na Dun & Bradstreet, na benki inapokufikiria mkopo inaangalia huko umelipaje huko nyuma. Mama mdogo na kikundi chake wanajipanga kuomba mkopo kupitia ZEEA, wakala wa serikali wa kuwezesha wananchi kiuchumi Zanzibar, wanunue kamba na vifaa vya kusarifu mwani, sabuni na mengineyo, jina la mmoja likiwa na doa kikundi kizima kinarudishwa nyuma. Hatukulipa deni la mwizi kwa makusudi, kwa sababu ukilipa kimya kimya umekubali kwamba ulikopa wewe. Tumedai lichunguzwe kwa maandishi. Wakikataa bila sababu, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu yenyewe, na tawi lipo hapahapa Unguja.

Na tusisahau zile programu za mikopo za kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Hizo ndizo zinazochukua majina yote ya kwenye simu yako halafu zinawatumia meseji jamaa zako, fulani kakopa hajalipa. Mtu akikupigia anakudai mkopo usioujua usimpe namba ya kitambulisho "ili ahakiki", anayekudai kweli anakujua tayari.

Mtoto wa ami yangu yuko Marekani, nilipomsimulia akaniambia huko ukiibiwa pochi unazifungia taarifa zako za mikopo kwenye kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, moja moja, na tokea Septemba 2018 ni bure kwa sheria ya nchi nzima. Ukiomba kwa simu au kwa mtandao wanatakiwa wafunge ndani ya siku moja ya kazi, na baada ya hapo mwizi hata awe na karatasi zako zote, mkopeshaji mpya akitaka kukuchungulia anakuta mlango umefungwa, mpaka ufungue mwenyewe. Kuna na tahadhari ya mwaka mmoja ambayo ukiiweka kampuni moja ile inawaarifu wenzake wawili. Nikatamani. Sisi hatuna kitufe cha kulifunga jina, tunachoweza ni kufunga laini, kwa hivyo kwetu *106# ndio mlango wa karibu zaidi na nataka TCRA na mitandao wauongezee kufuli, yaani nikiona namba si yangu niikatae palepale kwenye menyu, ifungiwe kwa muda mpaka nifike dukani.

Kitu kimoja kingelituokoa siku ile na kipo kwenye kila simu, ni kufuli ya laini yenyewe. Nenda kwenye mpangilio wa simu, sehemu ya usalama, weka namba ya siri ya simkadi. Mwizi akiitoa laini akaitia simu nyengine haifunguki bila hiyo namba, akikosea mara tatu inataka PUK, namba ya kuifungulia laini, ambayo hana. Fanya ukiwa na utulivu kwa sababu na wewe ukikosea itakufungia.

Na simu ikiibiwa waarifu jamaa haraka, sisi jioni ileile meseji za "ile hela nitumie kwenye namba hii" zilishaanza kumfikia wifi yake. Meseji kama hizo zipelekeni 15040, watakurudishia ujumbe wa kuomba namba ya tapeli, iweke. Bure.

Kwa ujumla *106# naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja wataipata siku ikifunga. Namba 100 nne pia kwa yule dada. Kaunta ya vidole tano. Dawati la mkopo la mtandao wetu mbili, na nitaipandisha deni likifutwa. Walioko Pemba, kama mtandao wako hauna duka karibu na wewe, piga 100 uulize duka lao la Chake Chake au Wete linafunguliwa saa ngapi na kama kifaa cha vidole kinafanya kazi siku hiyo, kabla hujatoa nauli ya kutoka Micheweni.